Baba anataka mbwa, binti anataka paka, na mdogo ana pumu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu haikaliki. Tunaishi Tanga mjini, Ngamiani, nyumba ya kupanga: vyumba viwili na sebule, na uani tunachangia na wapangaji wengine wawili ambao nao wana watoto. Mimi na Baba Nasri tuna watoto watatu. Nasri ana miaka 14, dada yake 11, na kitindamimba wetu 7. Huyu wa mwisho ana pumu, pampu yake haitoki mfukoni mwa begi la shule. Mama mkwe tunaishi naye, ni mtu mzima na ni mtu wa dini sana. Baba Nasri ni dereva wa lori la masafa, akishika njia ya Lubumbashi anaweza kumaliza mwezi hatujamwona. Mimi nashona nguo hapa hapa nyumbani.

Mwezi uliopita wezi walituingilia uani usiku wakabeba mtungi wa gesi na ndoo za maji. Baba Nasri akaapa kwamba safari hii lazima alete mbwa. Ana rafiki yake Muheza ambaye mbwa wake amezaa, German Shepherd, na amemwahidi mmoja mwisho wa mwezi huu. Mama mkwe aliposikia neno mbwa alisusa chakula cha usiku, asubuhi akasema kama mbwa anaingia yeye anarudi kwao Pangani.

Watoto nao wakaona mlango umefunguka. Binti anataka paka. Amemchora, amempa na jina. Nasri anasema kuna mtu kule bandarini anauza kasuku wa kijivu anayeongea, na amempunguzia bei. Mdogo anataka sungura wawili, eti mmoja atakuwa mpweke.

Kila mtu ananivutia kwake. Baba Nasri anasema tukihamia kwenye kiwanja chetu cha Pongwe tutafuga hata ng'ombe, lakini Pongwe hata msingi hatujachimba. Nisaidie Shangazi, mnyama gani anaifaa familia kama yangu? Nikuambie ukweli, mimi mwenyewe sitaki mnyama yeyote, maana najua mwishowe kinyesi nitazoa mimi.

Mama Nasri, Tanga

---

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na ulichokiandika mwishoni kana kwamba hakina uzito. Baba yuko Tunduma anasubiri foleni ya mpaka, watoto wako shule, bibi ana miguu yake. Saa nne asubuhi huyo mnyama amekula nini, amejisaidia wapi, na nani anamtazama asiingie kwa jirani? Ni wewe, na mguu wako uko kwenye cherehani. Kwa hiyo katika nyumba hiyo kura yako ndiyo nzito kuliko zote, na inayofuata ni ya kifua cha huyo mdogo. Kura za wengine zihesabiwe baada ya hizo mbili.

Sasa tumalize la mbwa, maana lina tarehe.

Mimi nasema hapana. Baba Nasri asidhani nimeshikwa sikio na mama yake. Kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi huku pwani, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na wako wanazuoni wanaoingiza na ulinzi wa nyumba humo. Kwa hiyo hoja ya ulinzi ingeweza kuzungumzika na bibi vizuri tu, kama mngekuwa na uwanja. Lakini uani kwenu ni pa kuchangia. Bomba ni lenu wote na kamba za nguo ni zenu wote. Bibi anatoka alfajiri kutawadha, na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu kazi yake ni kurukia kila kanga inayopita mbele yake. Huyo bibi mtakuwa mmemfungia chumbani.

Halafu ulinzi wenyewe uko wapi? Mtoto wa mbwa halindi kitu. German Shepherd anahitaji zaidi ya mwaka mmoja kukomaa, na mwaka huo wote anataka kufundishwa, kutembezwa kila siku na kushibishwa hasa. Mbwa mkubwa anayefungwa mnyororo kutwa nzima katika ua mdogo wenye watoto wa nyumba tatu hujenga hofu na hasira, na siku akimng'ata mtoto wa mpangaji mwenzio, Baba Nasri atakuwa Zambia na wewe ndiye utakayekuwa polisi. Mwenye nyumba umeshamuuliza? Wapangaji wenzio je? Kwenye barua yako sioni kama umewauliza.

Na kabla hajafikisha umri wa kubweka usiku anadai dawa za minyoo, chanjo ya parvo ambayo huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, chanjo ya kichaa akitimiza miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka kwa ratiba ya daktari, na vita visivyoisha na kupe, maana joto na unyevu wa Tanga kupe wanaupenda. Pigeni hesabu ya hayo, halafu pigeni hesabu ya taa moja ya nje, komeo jipya la mlango wa uani, na mnyororo wa kuufunga mtungi kwenye nondo za dirisha. Mkichangishana na wapangaji wenzenu, wezi wataanza kuona tabu wiki hii hii.

Ila Baba Nasri ampigie rafiki yake wa Muheza leo. Asisubiri mwisho wa mwezi. Mtoto wa mbwa akishashushwa kwenye gari na watoto wakampakata, hakuna mzazi atakayemrudisha, na bibi atakuwa njiani kwenda Pangani. Amwambie Pongwe ikisimama watazungumza tena, na siku hiyo nitashauri mbwa wetu hawa wa kawaida, wawili, wenye kibanda chao mbali na mlango. Ni wagumu, wanalizoea joto letu, na usiku hakipiti kitu bila wao kusema.

Kasuku wa Nasri tusimzungushe. Kasuku wa kijivu si ndege wa Tanga, kwao ni misitu ya Kongo na nchi za Afrika ya Magharibi. Tangu mwaka 2017 yumo kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa CITES, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Na hapa kwetu kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtu wa bandarini anayepunguza bei kwa mtoto wa miaka 14 hana karatasi yoyote, na mkikamatwa na huyo ndege, yeye hatakuwepo. Tuseme hata karatasi zipo. Ndege huyu anaweza kuishi miaka 40 na kuendelea, akikaa peke yake kwa uchovu hujinyonyoa manyoya mpaka abaki kidari kitupu, na manyoya yake hutoa vumbi jeupe laini ambalo mwenye pumu halihitaji. Na kuongea ataongea kweli, lakini atayashika yale mnayorushiana nyie wakubwa.

Nasri anataka mnyama mwerevu, hilo nimemwelewa. Mwambie asome habari za panya buku wa Morogoro. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya tunaowafukuza sisi majalalani kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Asome tu. Asimlete nyumbani.

Sungura nao mdogo atanisamehe. Sungura hapendi kubebwa. Ni kiumbe anayeliwa na kila mtu porini, ukimnyanyua anajua amekamatwa, anarusha miguu ya nyuma, na mtoto wa miaka 7 akimwachia anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Joto la Tanga la Februari linamuumiza. Anahitaji majani makavu muda wote kwa sababu meno yake hayaachi kukua, na vumbi la majani hayo tunarudi nalo kwenye pumu. Na hao wawili wakiwa dume na jike, mimba yao ni kama mwezi mmoja tu. Utawahesabu mpaka uchoke.

Amebaki paka wa binti, na hapa ndipo nataka twende polepole, kwa sababu ndiye anayeelekea kuifaa nyumba yenu. Lakini kifua cha mdogo kijibu kwanza.

Watu wengi wanadhani pumu inachokozwa na manyoya, kwa hiyo wanatafuta paka mwenye manyoya mafupi. Haisaidii. Kinachowasumbua wenye mzio kiko kwenye mate na ngozi ya paka. Paka hujiramba kutwa, mate yanakauka mwilini, yanapeperuka na kutua kwenye mapazia, kwenye shuka, kwenye makochi. Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta ndugu au rafiki mwenye paka anayelala ndani. Mpeleke mdogo alasiri moja, pampu yake mkononi, akae sebuleni kwa saa moja au mbili. Usiku ule msikilize anavyopumua. Rudia siku kadhaa katika wiki tofauti, maana mwili wakati mwingine haulalamiki siku ya kwanza. Ukimwona anapiga chafya mfululizo, macho yanamwasha, au kifua kinabana na kupiga mluzi, habari ya paka imeishia hapo, na hakuna atakayemlaumu mtoto. Na zote hizi ziwe baada ya kumuuliza daktari anayemtibu pumu yake. Pumu ambayo bado haijatulia isijaribiwe kabisa.

Kifua kikimkubalia, utashangaa nani atakuwa wa kwanza kuunga mkono. Mama mkwe wako anaijua kuliko mimi hadithi ya Abu Qatada, pale Mtume alipowaambia kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaozunguka kati yenu. Paka akipita kwenye mswala wake hatahama kwenda Pangani.

Sasa usikimbilie kitoto cha paka. Najua binti amechora kitoto. Kitoto hupanda mapazia, hujisaidia chini ya kitanda, na huchezea uzi wa cherehani mpaka aumeze, na uzi tumboni mwa paka ni kazi ya kisu cha daktari. Wewe ni mshonaji, mwanangu. Chukua paka wa mwaka mmoja au zaidi ambaye tabia yake inaonekana tayari. Kama lazima kiwe kitoto, kisiwe chini ya wiki nane, kiwe kimenyonya kikashiba kwa mama yake.

Mji wenu hauna uhaba wa paka. Nenda na binti kwa mtu mnayemfahamu ambaye paka wake wamezidi, au hata pale soko la samaki la Deep Sea ulizeni wauzaji, wanawajua paka wao mmoja mmoja. Mkifika, kaeni chini, msimwite yeyote. Binti ashike dagaa mmoja kwenye kiganja kilichofunguka na atulie. Yuko atakayekimbia, yuko atakayenyakua na kukwaruza, na yuko atakayesogea, anuse vidole kwanza, ale, halafu asugue shavu kwenye goti. Huyo wa tatu mtazameni vizuri. Macho yawe safi, ile ngozi nyeupe ya pembeni isiwe imefunika jicho. Masikio yasiwe na uchafu mweusi kama unga wa kahawa, huo ni utitiri. Nyanyua mdomo kidogo: ufizi uwe wa waridi, ukiwa mweupe ana minyoo au viroboto wamemnyonya damu. Inua mkia uone kama hajahara. Mwisho mpapase mgongoni na tumboni taratibu uone anavyopokea, maana atapakatwa na mikono mingi.

Kutoka hapo nenda naye kwa daktari wa mifugo kabla ya kufika nyumbani. Dawa ya minyoo, dawa ya viroboto, chanjo ya kichaa. Ndiyo, paka naye huchanjwa, kichaa cha mbwa kinamuua paka na kinamuua mtu. Ndugu zetu wa Pemba walikisukuma nje ya kisiwa kwa kuchanja mbwa wengi kwa pamoja, kwa hiyo usiseme ni jambo la Wazungu. Afisa mifugo wa kata yenu atakuambia chanjo zinatolewa lini, mara nyingi huwa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Na watoto wote wajue hili: aking'atwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote, wa kwenu au wa mtaani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza, dawa hakuna.

Kama ni jike, muulize daktari gharama ya kumfunga kizazi na uitenge hela hiyo sasa hivi. Paka jike huanza kupata mimba akiwa na miezi minne mpaka sita tu, na mimba yake inakaa kama miezi miwili. Dume naye ahasiwe, la sivyo ataukojolea kila ukuta wa mwenye nyumba kuweka mipaka yake, na harufu ile haiondoki kwa jiki.

Chakula chake ni nyama na samaki. Ugali na mchuzi atakula akiwa na njaa, lakini paka anayelishwa ugali tu hudhoofika polepole. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa bila chumvi na kutolewa miba mikubwa, dagaa, utumbo wa kuku, vinatosha, na kipande cha maini mara mojamoja. Maziwa mwacheni, paka wengi wakubwa yanawaharisha. Maji safi kila siku.

Mambo mawili yanayoua paka katika nyumba zetu yako karibu sana. La kwanza ni sumu ya panya. Si lazima aile yeye, akimla panya aliyeilamba inatosha. Kwa hiyo kabla paka hajaja, kaa na wapangaji wenzio mkubaliane sumu hakuna tena, na waambie sababu: mtakuwa na paka, na panya wataanza kuhama wenyewe. La pili ni huruma. Paka akiwa na homa mtu anamvunjia Panadol. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Dawa ya kupe ya mbwa nayo usimpake kamwe.

Kuhusu kuzoa: weka beseni la mchanga pembeni mwa uani, lichotwe kila siku, na anayechota ni binti. Lakini asiahidi kwa mdomo, watoto huahidi mbingu. Kuanzia kesho, kwa mwezi mzima, kabla ya shule afagie ile kona ya beseni na kujaza bakuli la maji, wakati paka hayupo. Akiweza mwezi mmoja kutumikia bakuli tupu, atamweza paka. Nasri apewe kuchemsha chakula, ni mkubwa wa kutosha kuwasha jiko. Mdogo akishampakata anaosha mikono, na paka halali chumba kimoja naye, hata kama kifua kimekubali. Na siku ukijikuta una mimba nyingine, wewe hilo beseni usiliguse, wachote wao, kila siku bila kuruka, kwa sababu kuna ugonjwa wa kinyesi cha paka unaoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kama kifua cha mdogo kitakataa paka, msirudi kwenye sungura wala kasuku. Nunueni tangi la kioo la wastani, samaki wachache wa mapambo. Maji ya bomba yaacheni kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue kabla ya kuwamwagia, na msibadilishe maji yote kwa mara moja. Wanakufa zaidi kwa kushibishwa kuliko kwa njaa, kwa hiyo mdogo apewe kifuniko cha chupa kiwe kipimo chake cha chakula. Binti atanuna. Atazoea.

Paka akija, mfungieni ndani wiki mbili mpaka tatu za kwanza, beseni lake la mchanga likae ndani kwa muda huo, ajue harufu ya nyumba, sauti ya cherehani na sehemu ya bakuli lake. Akiachiwa siku ya kwanza ataondoka kutafuta alikotoka. Mkianza kumfungulia mlango wa uani, iwe mchana, watoto wa wapangaji wametulia, na iwe kabla hajalishwa, ili njaa imrudishe.

Shangazi